Kuwinda Ndege kwa Kamera

Wasomaji wetu, hapana mtu asiyewajua ndege. Alfajiri, kabla hujafungua mlango, umekwisha kumsikia jogoo, na ndege wa mwituni wakiitikia mmoja mmoja. Mtoto wa mkulima hushinda shambani akiwafukuza kwera wasile mtama. Mvuvi huwatazama ndege wa pwani ajue samaki walipo. Walakini kumjua ndege kwa kumwona akipita ni jambo moja. Kumjua hata uweze kueleza idadi ya mayai yake, na namna anavyowalisha makinda yake, ni jambo jingine. Katika mazungumzo haya twataka kueleza jinsi watu wa nchi za Ulaya walivyoutafuta ujuzi huo, na jinsi chombo kimoja, yaani kamera, kilivyoigeuza desturi yao. Kisha twataka kuuliza: Je, kamera imetuhifadhia nini, na kitu gani haikuweza kukihifadhi?

Zamani mtaalamu wa ndege alitembea na bunduki begani. Alipomwona ndege asiyemjua alimpiga, akamchuna, akaijaza ngozi yake pamba, akaiweka sandukuni pamoja na karatasi yenye jina na tarehe. John James Audubon wa Marekani, aliyefariki mwaka 1851, alisifiwa sana kwa michoro yake ya ndege. Lakini desturi yake ilikuwa kumpiga ndege kwanza, kisha kumfunga kwa nyuzi za madini ili akae kama aliye hai, ndipo amchore. Wengine walikusanya mayai. Na kwa kuwa kitu adimu hupendwa kuliko kitu cha kawaida, kadiri ndege walivyopungua ndivyo walivyozidi kutafutwa.

Mfano mmoja watosha. Katika bahari ya kaskazini alikuwako ndege mkubwa asiyeweza kuruka, ambaye Waingereza walimwita great auk. Mabaharia walimla, wakamwua kwa maelfu. Wawili wa mwisho wanaojulikana kwa hakika waliuawa mwaka 1844 kisiwani Eldey, karibu na Iceland, na waliowaua walikuwa wakiwatafutia wakusanyaji ngozi. Hapo sanaa ya kupiga picha ilikuwa imekwisha kutangazwa mjini Paris tangu mwaka 1839. Lakini vyombo vya siku zile vilitaka mwenye kupigwa picha akae kimya muda mrefu, na ndege hakai kimya. Basi yule ndege alitoweka duniani, wala hapana picha hata moja iliyopigwa angali hai.

Mwaka 1871 Mwingereza mmoja, daktari Richard Leach Maddox, alieleza njia mpya ya kupaka dawa ya picha juu ya kioo. Vioo hivyo viliweza kuchukuliwa vikiwa vikavu, na baada ya kutengenezwa vizuri zaidi na watu wengine viliweza kupokea picha kwa muda mfupi sana. Hapo ndipo mlango wa kazi yetu ulipofunguka.

Walioingia mlango huo kwa bidii nyingi walikuwa ndugu wawili, Richard Kearton na mdogo wake Cherry. Walizaliwa kijijini Thwaite, katika bonde la Swaledale, upande wa kaskazini ya Uingereza. Mkubwa mwaka 1862, mdogo mwaka 1871. Hawakuwa wana wa matajiri. Walikulia mashambani kati ya kondoo na ndege wa milimani. Richard aliumia mguu utotoni, akawa kiwete maisha yake yote. Baadaye wote wawili walipata kazi London katika nyumba ya kuchapa vitabu, lakini moyo wao ulibaki shambani.

Mwaka 1892 walikuwa wakitembea nje ya mji, wakakiona kiota cha ndege mdogo mwenye sauti nzuri, na mayai ndani yake. Cherry alikuwa na kamera yake, akakipiga picha. Picha ile yahesabiwa miongoni mwa za kwanza za namna yake. Hawakulichukua hata yai moja, na kiota walikiacha mahali pake. Hata hivyo walirudi nyumbani na kitu cha kuonyesha. Mwaka 1895 walitoa kitabu cha viota vya ndege wa Uingereza, Richard akiandika maneno na Cherry akitoa picha. Kabla ya hapo vitabu vya namna ile vilitegemea mkono wa mchoraji. Hiki picha zake zilipigwa huko huko viota vilikokuwa.

Msomaji wa leo, aliyezoea kuona picha ikipigwa kwa simu, asidhani kazi ilikuwa nyepesi. Kamera ilikuwa sanduku la mbao lenye miguu mitatu. Kila picha ilitaka kioo chake, na vioo ni vizito, tena huvunjika. Mpiga picha hakujua kama amefanikiwa mpaka arudi nyumbani, ajifungie katika chumba cha giza, akioshe kioo chake kwa dawa. Tena alipaswa kufika karibu sana na ndege. Ni ndege gani atakayemngoja mtu mwenye sanduku?

Basi ndugu hawa walitafuta hila. Walitengeneza mwamba wa uongo wa kujifichia, na shina la mti lililo wazi ndani. Hila yao iliyosifiwa zaidi ilikuwa ngozi ya ng'ombe. Waliitandaza juu ya fremu ya mbao nyepesi, mpiga picha akaingia ndani, jicho la kamera likachungulia kifuani. Ndege wa shambani wamezoea ng'ombe, hawamwogopi. Husimuliwa kwamba siku moja Richard, kwa kuinama mno ndani ya ng'ombe yule, alizimia, ng'ombe akaanguka naye, miguu juu. Cherry aliporudi alimkuta nduguye katika hali hiyo. Na kabla ya kumtoa, alimpiga picha kwanza.

Twacheka, lakini tutazame maana yake. Mwenye bunduki kazi yake huisha kwa dakika moja: akimpiga ndege, amempata. Mwenye kamera hupaswa kukaa saa nyingi, akivumilia baridi, mvua na wadudu, na katika kungoja huko huona mambo ambayo mwenye bunduki hakuyaona kamwe: mama akilifunika yai kwa bawa, baba akileta mdudu, kinda mdogo akisukumwa na wenzake. Subira huvuta heri. Ngozi iliyojazwa pamba haifundishi mambo hayo.

Mwaka 1896 ndugu hawa walisafiri mpaka St Kilda, na safari hiyo ndiyo tunayotaka kuikazia macho. St Kilda ni visiwa vidogo katika bahari ya Atlantiki, magharibi ya Scotland, mbali na visiwa vingine vyote. Majabali yake ni marefu. Lililo refu kuliko yote lapita mita 400, nalo latelemka moja kwa moja baharini. Huko waliishi watu wapatao 70, katika kijiji cha njia moja. Walikuwa na kondoo na mashamba madogo, lakini riziki yao kubwa ilikuwa ndege wa bahari. Wanaume walishuka majabalini kwa kamba, miguu mitupu, wakawanasa ndege kwa vitanzi vilivyofungwa kwenye fito. Nyama yao waliila, nyingine wakaikausha katika vibanda vya mawe. Manyoya yao walilipia kodi ya ardhi. Na mafuta ya ndege aitwaye fulma waliyatia katika taa.

Kila asubuhi wanaume walikutana njiani wakashauriana kazi ya siku ile. Na mawindo yao hayakuwa ya aliyeyapata peke yake: yaligawanywa nyumba kwa nyumba, hata mjane na mgonjwa wakapata fungu lao. Tena walikuwa na hesabu yao. Fulma hutaga yai moja tu kwa mwaka. Kwa hiyo walijua majira ya kuchukua makinda na majira ya kuacha. Kwa miaka mamia waliwala ndege, na ndege hawakuisha.

Cherry Kearton alishuka kwa kamba pamoja nao, kamera yake ikiwa naye. Alipiga picha za ndege juu ya viota, na za watu wenyewe: wazee wenye ndevu, wanawake na watoto, na vijana wenye kamba mabegani. Yumkini hakujua kuwa alikuwa akipiga picha za mambo yanayokwenda zake.

Maana nyakati zilikuwa zikigeuka. Meli zilileta wageni wa kutazama. Wageni walileta fedha na bidhaa, na pia magonjwa. Vijana waliona kwamba ng'ambo iko kazi yenye mshahara, wakahama mmoja mmoja. Mafuta ya taa ya dukani yaliyashinda mafuta ya fulma, na manyoya yakapungua bei. Kamba ya jabalini yataka mikono mingi yenye nguvu. Vijana wakiondoka, nani atakayeishika? Mwaka 1930 watu waliobaki walikuwa 36 tu. Wenyewe waliiandikia Serikali wakiomba wahamishwe, na tarehe 29 Agosti mwaka ule walipanda meli wakaondoka wote. Mtu wa mwisho kati ya wale waliozaliwa huko wakahamishwa alifariki mwaka 2016.

Leo ndege wa St Kilda wangaliko kwa maelfu mengi. Nyumba za mawe ziko. Picha za mwaka 1896 ziko, nasi twaweza kuona kamba ilivyokuwa nene na jinsi ilivyoshikwa. Lakini je, yuko awezaye kutazama picha ile, kisha akashuka jabalini? Ipi ilikuwa dalili ya upepo mbaya? Mtoto alianza kufunzwa kupanda akiwa na umri gani, na kwa maneno gani? Baadhi ya hayo yaliandikwa. Mengi yalikuwa katika miguu na mikono ya watu, na miguu ile haipandi tena. Kamera ilihifadhi sura ya ujuzi, haikuhifadhi ujuzi wenyewe.

Basi tusiidharau kamera, maana iliyafanya mema makubwa, na baadhi yake yahusu nchi zetu. Mwaka 1909 Cherry Kearton alikuja Afrika Mashariki kupiga picha za wanyama, na hasa picha za sinema. Mwaka ule ule Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alitua Mombasa na msafara mkubwa wa wapagazi, akaanza safari ya kuwinda kwa ajili ya jumba la makumbusho la nchi yake. Yeye na mwanawe waliua kwa bunduki wanyama 512, na msafara wote ulikusanya wanyama na ndege zaidi ya 11,000. Watu hao wawili walikutana katika nchi moja: mmoja na bunduki, mwingine na kamera. Wakati ule wengi waliona kwamba mwenye bunduki ndiye shujaa. Leo wageni wanaokuja kuwatazama wanyama wetu wakishika kamera ni wengi mno kuliko wanaoshika bunduki. Mabadiliko hayo hayakuja siku moja. Yaliletwa na watu kama Kearton, walioonyesha kwamba mtu aweza kurudi safarini mikono yake haina damu, na watu wakapenda kumsikiliza.

Hata redio ilimsikiliza. Mwezi wa Septemba mwaka 1940, London ikiwa katika vita, mzee Cherry Kearton alikwenda katika nyumba ya BBC kuzungumza na watoto. Alipokwisha kusema nao alitoka, na muda si muda akafariki dunia. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kuwasimulia watoto habari.

Jema jingine la kamera ni ushahidi. Katika matete ya mashariki ya Uingereza aliishi ndege wa jamaa ya korongo, mwenye mlio mzito kama wa fahali, aitwaye bitani. Wakusanyaji walimsaka, na mabwawa yake yalikaushwa yawe mashamba, hata mwishoni mwa karne ya 19 akawa hazai tena katika nchi ile. Mwaka 1911 bibi mmoja, Emma Turner, aliyekuwa amezoea kukaa katika mashua kati ya matete akiwangoja ndege, alikiona kiota chake pamoja na mlinzi wa mahali pale, Jim Vincent. Bibi Turner alimpiga picha kinda mchanga. Zamani, ili aaminiwe, mtu angepaswa kumwua kinda yule ampeleke mjini. Sasa picha ilitosha: watu walijua kwamba ndege amerudi, na yeye mwenyewe akabaki kwake katika matete.

Walakini picha peke yake haiponyi. Huko Marekani walikuwako njiwa wa porini wengi hata wakipita hulitia giza jua. Waliuawa wakauzwa kwa mapipa sokoni, na misitu yao ikakatwa. Njiwa wa mwisho, jike aliyeitwa Martha, alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba mwaka 1914. Picha zake ziko, lakini picha haitagi mayai.

Sasa tuje nyumbani. Katika nchi nyingi za Afrika yuko ndege mdogo wa rangi ya udongo, aitwaye mlembe, ambaye wengine humwita ndege wa asali. Ukimwona katika picha hutamtazama mara mbili. Hana rangi wala kishungi. Lakini ndege huyu humjia mtu, akalia kwa haraka, akaruka mti kwa mti akimwongoza mpaka kwenye mzinga wa nyuki wa porini. Mtu hufukiza moshi, hutoa asali, na ndege hupata nta na mabuu.

Wazee walijua jambo hili tangu zamani, lakini wageni wengi walilidhania kuwa hadithi tu. Mwaka 1989 mtaalamu wa Kenya, Hussein Isack, pamoja na mwenzake H.-U. Reyer, walitoa matokeo ya uchunguzi wao kati ya Waborana wa kaskazini ya Kenya. Katika sehemu wasiyoijua, warina asali walitafuta kwa wastani saa 8.9 kabla ya kuuona mzinga mmoja bila ndege. Wakiongozwa na ndege, saa 3.2. Tena mwaka 2016 uchunguzi uliofanywa kati ya Wayao wa Niassa, kaskazini ya Msumbiji, ulionyesha kwamba mrina asali akitoa mwito waliofundishwa na baba zao, unaoanza kwa kutetemesha ulimi na kuishia kwa mguno, bahati yake ya kuuona mzinga yapanda kutoka 16 katika 100 hata 54 katika 100. Sauti nyingine za kibinadamu hazikumvuta ndege kama ule mwito. Na Wahadzabe wa Tanzania wana mwito wao mwingine, nao ni mluzi.

Hapo, wasomaji wetu, pana jambo la kulifikiri. Mwito ule haumo katika picha ya ndege. Umo katika kinywa cha mzee na katika sikio la ndege, na wote wawili huutunza kwa kuutumia. Mahali ambapo watu hununua sukari dukani na hawaendi tena mwituni, kijana hajifunzi mwito. Na ndege asiyefuatwa, mwishowe huacha kuongoza. Kama kamba ya St Kilda, hautakatika kwa kishindo. Utaachwa tu chini, siku moja, na mtu wa mwisho aliyejua kuushika.

Hatusemi kwamba watu warudi nyuma waache sukari, shule na kazi za mshahara. Watu wa St Kilda waliomba wenyewe kuondoka, na hapana haki ya kuwalaumu. Waliwaona wagonjwa wao wakifa kwa kukosa dawa. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na nyakati hazingojei ruhusa ya mtu. Tunasema tu kwamba anayehifadhi sura ya kitu asidhani amekihifadhi kitu chote.

Leo watu wengi sana, hata vijijini, wana simu yenye kamera, nyepesi kuliko kioo kimoja cha Cherry Kearton. Ni neema kubwa. Tuitumie kwa adabu zile walizojifunza wazee wa kazi hii. Usikaribie mno kiota. Mama akifukuzwa muda mrefu mayai hupoa, na mwewe na nyoka huiona njia uliyoikanyaga. Usikate matawi ili upate mwanga. Usilishike kinda. Ukiona ndege anahangaika kwa ajili yako, ondoka, hata kama picha hujaipata.

Kisha, baada ya kupiga picha, fanya jambo moja zaidi. Mpelekee bibi yako au mzee wa jirani, umwulize: Ndege huyu sisi twamwitaje? Hulia nini, na mlio wake huonya juu ya nini? Huja mwezi gani? Baba zetu walimtumia kwa kazi gani? Yaandike majibu katika daftari pamoja na tarehe na jina la mahali. Na kama mzee anajua mwito, usitosheke kuuandika. Mwombe akufundishe, nawe ujaribu mbele yake mpaka aseme umeupata.